Georg Ohm: Mwana wa fundi wa kufuli aliyefundisha mafundi wa gari kuacha kubahatisha

Kuna magonjwa ya gari yanayoweza kuvunja undugu. Gari ya familia inalala vizuri kwenye ploti kule Kihunguro, asubuhi inakataa kuwaka. Jirani anakuja na waya za kujampu, inawaka, inafika Thika salama, na jioni inawaka yenyewe kama hakuna kilichotokea. Keshokutwa kimya tena. Nyingine ukikanyaga breki, indiketa inawaka. Nyingine taa za mbele zinafifia kila ukifungua dirisha, na ukimweleza mtu anadhani umetoka kwenye kinywaji.

Fundi wa kwanza anasema ni betri. Inanunuliwa. Wa pili anasema ni alteneta. Inanunuliwa. Wa tatu anakata waya tatu, anafunga tepu nyeusi, anapokea pesa yake na wiki ijayo ugonjwa unarudi. Kufikia hapo mathe ameshaanza kuuliza nani aliona familia ikinunua gari akakasirika.

Sasa, ukipata fundi wa waya anayejua kazi, awe Makongeni, Ruiru mjini au Githurai, atatoa kitu kimoja mfukoni kabla ya kutoa spana. Mita. Kwenye uso wa mita hiyo kuna alama kama kiatu cha farasi: Ω. Alama hiyo inasimama badala ya jina la mtu, Georg Simon Ohm. Alikufa 1854, miaka mingi kabla gari la kwanza la petroli kutembea barabarani, lakini kila hitilafu ya umeme inayopatikana leo kwa akili badala ya bahati inapatikana kwa njia yake. Maisha yake yenyewe hayakuwa rahisi.

Ohm alizaliwa Machi 16, 1789 katika mji wa Erlangen, Ujerumani ya leo. Baba yake, Johann Wolfgang, alikuwa fundi wa kufuli. Mama yake, Maria Elisabeth, alikuwa binti ya fundi cherehani. Walizaa watoto saba na watatu tu ndio waliokua wakawa watu wazima: Georg, mdogo wake Martin, na dada yao. Georg alipokuwa na miaka kumi hivi, mama akafariki.

Huyo mzee wa kufuli ndiye wa kuangalia kwanza. Hakuwa na shule ya maana, lakini alijifundisha mwenyewe hesabu, fizikia, kemia na hata falsafa, kisha akawafundisha wanawe nyumbani. Fikiria fundi wa jua kali pale Thika ambaye mchana anakata vyuma na usiku anawafanyia watoto masomo ya chuo kikuu. Martin alikuja kuwa mwanahesabu anayejulikana. Georg naye, mbali na hesabu, aliokota kitu kingine kwenye karakana ya baba: mikono. Alijua kukata, kusaga na kufunga chuma kidogo kikae pale pale anapotaka. Jambo hilo litamfaa sana baadaye.

Mwaka 1805 akaingia Chuo Kikuu cha Erlangen. Na huko, wasee, Georg akaonja uhuru. Alicheza dansi, aliteleza kwenye barafu, alicheza biliadi. Masomo yakawa ya kando. Baba yake, ambaye hakuwahi kupata nafasi kama hiyo, alikasirika kweli. Baada ya mihula mitatu Georg akatoka chuoni, na mwaka 1806 akapelekwa Uswisi kufundisha hesabu kwenye shule huko Gottstadt. Alikuwa na miaka 17.

Sisi tuliotoka chuo kabla ya kuvaa joho tunapenda hadithi ikatike hapo, mtu aache shule halafu awe maarufu. Haikwenda hivyo. Kule Uswisi Ohm alifundisha mchana na kusoma peke yake usiku, miaka minne na zaidi, vitabu vizito vya wanahesabu wakubwa wa Ulaya. Mwaka 1811 akarudi Erlangen, na mwaka huo huo akapata shahada ya uzamifu. Aliingia upya kwa mlango ule ule aliotokea, ila safari hii alikuwa na kazi mkononi.

Shahada haikumletea doo. Alifundisha chuoni kwa mihula mitatu, akaona mshahara haupo na mbele hakuna kitu. Mwaka 1813 akachukua kazi kwenye shule ya Bamberg, shule isiyo na sifa, na mwaka 1816 ikafungwa. Mwaka 1817 ndipo mambo yalipofunguka kidogo: akapata kazi ya kufundisha hesabu na fizikia kwenye shule ya Wajesuiti mjini Cologne. Shule hiyo ilikuwa na maabara yenye vifaa vizuri. Mwana wa fundi wa kufuli akapata karakana yake.

Miaka mitatu baadaye, mwaka 1820, habari ikatoka Denmark: Hans Christian Oersted ameona kwamba waya unaopitisha umeme unasukuma sindano ya dira. Kwa Ohm hiyo ilikuwa zaidi ya kioja. Kama umeme unasukuma sindano, basi unaweza kupimwa kwa kuangalia sindano imesukumwa kiasi gani. Akaanza kujiuliza swali ambalo fundi yeyote wa gari angeuliza: waya ukiwa mrefu, nguvu inapungua kiasi gani? Na waya mwembamba je?

Hapa ndipo hadithi inapofanana kabisa na boneti iliyofunguliwa kando ya barabara ya Thika.

Ohm alianza kupima akitumia betri za wakati ule. Betri hizo zilikuwa na tabia mbaya. Ukiziunganisha zinaanza kwa nguvu, kisha zinalegea. Ukiziacha kidogo, zinapata nguvu tena. Kwa hiyo akibadilisha waya na sindano ikisogea, hakuweza kujua kama ni waya mpya umesababisha au betri imechoka. Vitu viwili vinabadilika kwa wakati mmoja, na hapo hakuna anayeweza kujua ukweli. Matokeo aliyochapisha 1825 hayakuwa sahihi. Alikuwa ametoa kanuni, lakini siyo ile tunayoijua leo.

Mhariri mmoja wa jarida la fizikia, Johann Poggendorff, akamshauri aachane na betri. Kulikuwa na ugunduzi mpya wa Thomas Seebeck wa 1821: ukiunganisha metali mbili tofauti, kisha kiungo kimoja kikapashwa joto na kingine kikapozwa, umeme kidogo unapita. Ohm akatengeneza chanzo cha umeme kwa bismathi na shaba. Kiungo kimoja akakiweka kwenye maji yanayochemka, kingine kwenye barafu. Maji yanayochemka hayapandi joto zaidi na barafu inayoyeyuka hukaa palepale, kwa hiyo umeme ule haukuyumba.

Halafu ile mikono ya karakana ikafanya kazi. Alitengeneza kifaa chenye sindano ya sumaku iliyoning'inizwa, akawa anakizungusha kurudisha sindano mahali pake na kusoma pembe. Akachukua nyaya nane za shaba zenye unene mmoja na urefu tofauti. Akaweka moja, akapima. Akatoa, akaweka ya pili, akapima. Kitu kimoja tu kinabadilika, vingine vyote vimetulia. Akarudia siku baada ya siku. Mwaka 1826 kanuni ikatoka safi.

Ukikaa flati Ruiru tayari unaielewa bila kujua. Tangi la maji liko juu ya ghorofa. Urefu wa tangi ndio presha; kwenye umeme tunaita volti. Maji yanayotoka kwenye mfereji wako kwa dakika ndiyo mkondo. Tunaupima kwa ampea. Paipu nyembamba au iliyojaa kutu ndiyo kizuizi. Hicho ni ukinzani, na kipimo chake kinaitwa ohm. Presha ikiongezeka, maji yanaongezeka. Kizuizi kikiongezeka, maji yanapungua. Volti gawanya kwa ohm, unapata ampea. Basi.

Ohm aliona kitu kingine ambacho watu wengi wanakisahau hadi leo. Ukinzani unaohesabiwa si wa waya peke yake. Ni wa mzunguko mzima, kuanzia ndani ya chanzo chenyewe, kupita kila kiungo, hadi kurudi. Ndiyo maana betri kuukuu inaweza kuonyesha volti 12.5 ikiwa imetulia, mwenyewe ukaiamini, kisha ukiwasha stata inaanguka. Ugonjwa uko ndani yake, na hauonekani mpaka umeme uanze kutembea.

Mwaka uliofuata, 1827, akiwa Berlin kwa likizo ya nusu mshahara, alichapisha kitabu chenye hesabu zote za mzunguko wa umeme. Alitegemea kitamfungulia mlango wa chuo kikuu. Kilichofuata kilikuwa baridi. Wakati huo wasomi wengi wa Ujerumani waliona kwamba asili inaeleweka kwa kufikiri, wala si kwa kuhesabu pembe za sindano. Wengine walikipuuza, wengine walikisema vibaya waziwazi. Isitoshe, kitabu kilikuwa na hesabu ngumu ambazo wanafizikia wengi wa hapo hawakuzizoea.

Mwaka 1828 Ohm akaacha kazi yake ya Cologne. Alikuwa karibu miaka 39, hana mke wala mtoto, na hana kazi ya maana. Alibaki Berlin akifundisha saa chache kwa wiki kwenye shule ya kijeshi. Hiyo ni miaka mitano hivi ya mtu mwenye jibu sahihi mfukoni na hakuna anayelitaka. Kama una rafiki mwenye kipaji anayeuza smokie stejini huku akituma maombi ya kazi, unajua sura ya miaka hiyo.

Mwaka 1833 shule ya ufundi ya Nuremberg ikampa nafasi ya uprofesa. Heshima yenyewe ikatoka ng'ambo: mwaka 1841 Royal Society ya London ilimpa nishani ya Copley, iliyokuwa tuzo yake kubwa kabisa, na mwaka uliofuata ikamfanya mwanachama wa kigeni. Ujerumani ikafuata taratibu. Mwaka 1849 akaenda Munich, na mwaka 1852 akapewa kiti cha uprofesa wa fizikia chuo kikuu, kile alichokitamani tangu ujana. Alikikalia miaka miwili tu. Alifariki Julai 6, 1854, akiwa na miaka 65.

Kilichowafanya watu wamwamini ni kazi, zaidi ya mabishano. Simu za telegrafu zilianza kuenea, na mwenye kampuni ya telegrafu hawezi kuishi kwa falsafa. Waya ni kilomita nyingi. Lazima ujue ni kiasi gani kitafika upande wa pili. Jibu lilikuwa kwenye kitabu cha Ohm. Swali hilo hilo lilifika kwetu pia. Nairobi ilipoanza kuwashwa taa za umeme mwanzoni mwa karne ya 20, umeme ulitoka kwenye maji ya mto Ruiru ukasafiri kwa waya hadi mjini. Hakuna mhandisi angeweza kuchagua unene wa waya huo bila kanuni ya yule mwalimu wa Cologne.

Mwaka 1881, kwenye mkutano wa kimataifa wa umeme mjini Paris, jina lake likakubaliwa kuwa kipimo cha dunia, pamoja na volti na ampea. Na kuna jambo linalochoma kidogo. Miaka michache kabla, James Clerk Maxwell alifungua karatasi za zamani za tajiri Mwingereza mwenye haya, Henry Cavendish, akakuta kwamba Cavendish alikuwa ameiona kanuni hiyo kabla Ohm hajazaliwa. Hakuitangaza. Alikuwa anajipitishia umeme mwilini na kukadiria kwa maumivu, akaandika, akafunga droo. Ohm alichapisha, akachekwa, akaumia. Lakini alichapisha, na ndiyo maana fundi wa Ruiru ana kitu cha kushika.

Sasa turudi kwenye ile gari.

Chukua ugonjwa wa kwanza, stata inayovuta kwa uvivu. Mzee anataka betri mpya. Ngoja. Pima betri ikiwa imetulia: ikiwa imejaa, itasoma karibu volti 12.6. Sasa mtu awashe stata huku wewe umeacha mita kwenye betri. Ikianguka chini sana, tuseme 8 au 9, basi betri ni mgonjwa. Lakini ikibaki 11 na stata bado inavuta kivivu, betri haina kosa. Weka ncha moja ya mita kwenye kichwa hasi cha betri na nyingine kwenye chuma cha injini, mtu awashe tena. Ukiona zaidi ya nusu volti, njia ya kurudi imeziba. Stata inaweza kuvuta ampea 150. Kiungo chenye kutu kikiwa na ohm 0.02 tu, 150 mara 0.02 ni volti 3 zimepotea hapo. Ohm 0.02 ni ndogo kiasi kwamba mita ya kawaida haiwezi kuipima gari ikiwa imezimwa. Inaonekana tu umeme ukitembea, kama Ohm alivyoonyesha. Dawa inaweza kuwa msasa, spana namba 10 na dakika ishirini.

Ugonjwa wa pili, wa breki kuwasha indiketa. Hapa ndipo watu wanaanza kuzungumza habari za mapepo. Kwenye taa ya nyuma, balbu kadhaa hushirikiana waya mmoja wa kurudisha umeme kwenye bodi; mafundi wanauita athi. Athi ikiingia kutu, njia ya kawaida inakuwa na ukinzani mkubwa. Umeme wa breki haujali jina la balbu. Unatafuta njia nyingine ya kurudi, na njia iliyopo ni kupitia indiketa au taa ya maegesho, kinyumenyume. Balbu mbili zinagawana volti na zote zinawaka kwa unyonge. Usibadilishe balbu. Fuata athi.

Ugonjwa wa tatu, gari inayokufa ikilala. Gari nyingi zikizimwa na kompyuta zake kutulia, huvuta chini ya ampea 0.05. Weka mita kati ya kichwa hasi cha betri na waya wake, upande wa ampea, milango ikiwa imefungwa, subiri kama nusu saa. Usiwashe stata wala taa kubwa hapo, utachoma fyuzi ya mita. Ukisoma ampea 0.4, kuna kitu hakilali. Balbu ya wati 5 kwenye buti ambayo swichi yake imekwama inavuta kiasi hicho hicho. Kwa saa 24 hiyo ni kama ampea-saa 10, na betri ya ampea-saa 40 itakuwa imekauka siku ya nne. Ndiyo maana gari inayotumika kila siku haisumbui, lakini iliyoachwa Ijumaa haiwaki Jumanne. Chomoa fyuzi moja, soma mita, irudishe, chomoa nyingine. Fyuzi itakayoangusha namba ndiyo yenye siri.

Moja tu ya usalama: gari yako ikiwa haibridi, waya za rangi ya chungwa usiziguse. Hizo zina volti za kuua, na zina mafundi wake waliosomea.

Ukiangalia vizuri, hapo hakuna hatua ambayo Ohm hakuifanya na nyaya zake nane. Hakikisha chanzo chako hakikudanganyi. Badilisha kitu kimoja. Pima. Andika. Rudia. Mita ya kawaida kwenye maduka ya Thika haifikii hata robo ya bei ya betri mpya, na familia nyingi zimenunua betri mbili ambazo hazikuhitajika kabla mtu yeyote hajapima kitu.

Kwa hiyo wakati mwingine fundi akikuambia ubadilishe alteneta, usibishane naye wala usimdharau. Muulize tu kwa heshima imesoma volti ngapi injini ikinguruma. Akikujibu kwa namba, iwe kati ya 13.5 na 14.5 au chini yake, mna la kuzungumza. Akikujibu kwa hasira, funga boneti, asante fundi, twende kwa mwenye mita.